Kazi feki Nairobi: maswali ambayo huwa naulizwa kila siku

Niko na saiba hapa Eastlands na watu wangu wengi ni wale wanatafuta kazi. Wanakuja kuprinti CV, kuskani vyeti, kujaza fomu za eCitizen, na kila wiki lazima kuna mtu ananionyesha simu yake akiniuliza kama hii kitu ni ya ukweli. Inaniuma sana kuona kijana akitoka kwa mlango wangu akienda kutumia mwizi pesa ambayo mamake alikopa kwa chama. Kwa hivyo nimeandika majibu yote mahali pamoja, soma ile inakuhusu, na kama uko na mtu nyumbani anatarmac mtumie na yeye asome.

Nimepata SMS ati nimechaguliwa kwa kazi ya supamaketi na mimi sikumbuki kuomba. Inawezekana?

Haiwezekani. Kama hukuomba, hakuna mtu amekuchagua. Hizo SMS hutumwa kwa namba nyingi kwa mpigo, ndio maana utapata wewe na jirani yako na fundi wa viatu wote "mmechaguliwa" siku moja. Kama uko kwa laini ya Safaricom iforwad kwa 333, ni bure, alafu ufute uendelee na siku yako.

Lakini kuna ile ya ujanja zaidi. Unapigiwa simu na mtu anakuita jina lako lote, anajua ulisoma wapi, anajua kozi yako, hadi anajua ulifanya attachment mahali fulani, na wewe unasema huyu lazima ni wa ukweli juu amejuaje hayo yote? Amejua juu wewe mwenyewe uliweka CV yako kwa grupu ya Facebook ama ya WhatsApp ya "Jobs Nairobi" wiki tatu zilizopita, na CV iko na kila kitu. Mtu kujua mambo yako si ushahidi kwamba ni mwajiri. Siku hizi mimi huambia watu watoe namba ya ID na tarehe ya kuzaliwa kwa CV kabisa, mwajiri wa kweli ataziomba akishakupea kazi.

Wanaomba elfu moja mia tano tu ya medical. Si nijaribu tu, hata kikienda ni kidogo?

Hili ndio swali ninaulizwa sana kuliko yote na ndio nitakaa hapo kidogo.

Hiyo elfu moja mia tano si bei ya kazi, ni mtihani. Anakupima kama wewe ni mtu wa kutuma. Ukituma, kesho asubuhi kuna simu ingine, sasa ni ya yunifomu na baji, 2,300. Ukituma hiyo unaambiwa barua yako imeshasainiwa iko kwa meza ya mkubwa lakini inahitaji insuransi, 4,500. Na hapo ndipo watu wengi hunaswa, juu ushatuma karibu elfu nne na ukikataa sasa unaona kama umezitupa, kwa hivyo unatuma ingine ili zile za kwanza zisipotee. Unaingia Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Unapigia shangazi. Mwisho simu inazimwa, ama unaambiwa uje ofisini Jumatatu na ofisi haiko. Nimeona hii ngazi mara nyingi sana na huwa inapanda hivyo hivyo, kidogo kwanza, alafu nusu ya mshahara, alafu chochote uko nacho.

Mwajiri wa kweli hakuulizi pesa. Si ya fomu, si ya intavyu, si ya treining, si ya "kufungua faili". Kama kampuni inataka upimwe daktari, inakupeleka kwa hospitali yake ama inakuambia uende hospitali na ulipe huko kwa kaunta upewe risiti, haiwezi kukuambia utume kwa namba ya mtu anaitwa Madam wa HR.

Na kuhusu good conduct, kuna uongo mwingi hapo. Cheti cha polisi ni 1,050, unaomba mwenyewe kwa eCitizen, unalipa kwa Paybill 222222, alafu unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Hakuna mtu anaweza "kukufanyia ya haraka" kwa 3,500. Isitoshe sheria ya ajira ilibadilishwa 2022, na sasa mwajiri hafai kukudai vyeti vya clearance, yaani vile vya kuonyesha huna kesi wala deni, kabla hajakupa ofa. Kwa hivyo mtu anakudai good conduct, HELB ya mkopo wa chuo, CRB ya rekodi ya mikopo na KRA ya ushuru hata kabla hajakuona uso, jiulize anazipeleka wapi.

Lakini barua yangu iko na nembo, muhuri na saini. Aje iwe feki?

Nembo inatolewa kwa intaneti kwa dakika moja. Muhuri unatengenezwa hapa mjini na mtu aliyekaa kwa kistuli kando ya barabara, hakuulizi unaitumia wapi. Mimi naprinti vitu, nakuambia karatasi haina maana yoyote.

Kuna barua moja dada fulani aliniletea nimprintie rangi, ilikuwa ya kampuni kubwa ya huku Industrial Area, na nikamwambia kabla sijaprinti tuisome pamoja. Nembo ilikuwa imevutwa kando hadi maandishi yamenenepa. Ukiizumu unaona vijimraba pembeni, maana yake ilitolewa kwa picha ndogo ikapanuliwa. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa foni tofauti na barua yote, yaani kuna barua moja wanabadilisha majina tu. Tarehe ya kuripoti ilikuwa Jumapili. Mshahara ulikuwa umeandikwa 45,000 juu na 54,000 chini. Hakuna mahali imesema atakuwa anafanya kazi gani kwa siku, lakini aya nzima ilikuwa inaeleza venye ada ya usajili italipwa na itarudishwa na mshahara wa kwanza. Na imeli chini ilikuwa ya Gmail, jina la kampuni na "recruitment2" mbele. Dada alinyamaza akaangalia hiyo karatasi kwa muda mrefu, alikuwa ameshaambia nyumbani kwao.

Hiyo ya "itarudishwa na mshahara wa kwanza" ukiiona mahali popote, wacha hapo hapo.

Nitajuaje kampuni ipo kweli?

Anza na imeli. Serikali ya Kenya hutumia anwani inayoishia .go.ke na hiyo si kila mtu anaweza kujisajilia. Kampuni kubwa ziko na anwani ya jina lao. Soma herufi moja moja, juu wezi hupenda kuongeza kistari ama herufi moja katikati, ama wanamalizia na "-careers.com" na jicho linapita tu.

Alafu tafuta namba ya kampuni mwenyewe. Usitumie ile iko kwa barua, hiyo itakupeleka kwa mwizi mwenyewe na atakuambia ndio sisi tuko. Ingia kwa tovuti ya kampuni, chukua namba ya ofisi, piga, uliza kama kuna kazi inaitwa hivi. Ni dakika tano na shilingi chache za kredo. Watu wengi wanaogopa kupiga wakifikiri wataonekana wasumbufu, wakati kampuni zenyewe hufurahi kujua jina lao linatumiwa vibaya.

Kampuni ndogo ambayo huijui unaweza kuitafuta kwa eCitizen upande wa Business Registration Service, unalipia ada unapata rekodi ya wenye kampuni. PIN ya KRA pia inaweza kuangaliwa kwa iTax bila kulipa. Lakini elewa kitu hapa, kampuni kusajiliwa haimaanishi ni waaminifu, kuna wezi wamesajili kampuni vizuri sana. Kutosajiliwa ndio jibu, kusajiliwa ni mwanzo tu wa maswali.

Kuna mtu anajua mkubwa ndani ya jeshi na anasema nafasi ni laki tatu. Wengine wameingia hivyo, kwa nini mimi nisijaribu?

Najua kwa nini unauliza. Umetarmac miaka, umeona mtoto wa fulani ameingia, na kila mtu Kenya anaamini kazi ni kujuana. Mwizi anajua unaamini hivyo na hiyo imani ndio anauzia watu. Familia zinauza ng'ombe, zinauza kipande cha shamba, mzee anatoa pesa yake ya pensheni.

Alafu kijana anapewa barua. Kila mwaka wakati wa kuajiri makuruti kuna vijana wanafika kule Eldoret kwa kambi ya mafunzo ya jeshi letu, KDF, na barua za kuitwa, wamebeba sanduku, wamenyoa, na kwa geti wanaambiwa barua ni feki na wanashikwa. Wanashikwa wao. Yule aliyekula laki tatu ako nyumbani. KDF husema kila mara kwamba kuajiriwa ni bure, na polisi ni hivyo hivyo, na Public Service Commission na TSC ya walimu hivyo hivyo. Nafasi zinatangazwa hadharani, kwa magazeti, kwa lile gazeti la serikali la MyGov la Jumanne, na kwa tovuti zao.

Na kuna jambo watu hawapendi kusikia. Chini ya Bribery Act ya 2016 anayetoa hongo na anayepokea wote wamevunja sheria. Ndio maana watu waliokulwa pesa hivi hawaendi kuripoti, na mwizi anajua hawataenda, anakuchagulia mtego ambao ukiingia huwezi kupiga kelele. Kama mtu anakufuata hivyo na hujatuma kitu, piga EACC, ile tume ya kupambana na ufisadi, kwa 1551, ni bure, na unaweza kuripoti bila kutaja jina lako.

UN pale Gigiri wanalipisha fomu?

Hapana. UN hawalipishi hatua yoyote, si kuomba, si intavyu, si treining, na wamesema hivyo kwa tovuti yao ya kazi. Wala hawaulizi akaunti yako ya benki wakati unaomba. Kazi zao ziko kwa tovuti zao wenyewe, na hakuna "ajenti wa UN" anayekaa kwa hoteli Westlands.

Nimeingizwa kwa grupu ya Telegram, kazi ni kulike video na kureview hoteli, na wamenilipa kweli. Hii basi ni sawa?

Wamekulipa kweli, na hapo ndio mtego uko. Hawa ndio wanamaliza watu waliosoma, wanafunzi wa chuo, walimu, watu wa benki hata.

Inaanza na WhatsApp kutoka namba ya nje, mara nyingi inaanza na +62 ama +84 ama +92, mtu anaitwa jina la kizungu tamu, anakuuliza kama unataka kazi ya muda ya saa moja kwa siku. Unalike video tatu unatumiwa 150 kwa M-Pesa, pesa inaingia, unafurahi. Unapelekwa Telegram kwa grupu ya watu wengi wanaposti skrinshoti za malipo asubuhi hadi jioni. Karibu wote kwa hiyo grupu ni wao wenyewe. Siku ya pili kuna "taski ya kulipia", unaweka 1,000 unarudishiwa 1,300, na inarudi kweli. Unaweka 3,000, inarudi. Alafu unapewa taski ya pamoja na watu wengine watatu, ni hatua nne, na kila hatua ni pesa zaidi, 5,000, 12,000, 30,000, na huwezi kutoa mpaka mmalize zote. Ukisema huna, wale wengine watatu kwa grupu wanaanza kukulaumu, ati unawachelewesha, mmoja ako na mtoto mgonjwa hospitali na pesa yake imekwama juu yako. Hao watatu ni mtu mmoja ako na simu tatu.

Ukimaliza hatua zote utaambiwa akaunti yako imefungwa kwa "makosa ya mfumo" na kuifungua ni asilimia ishirini ya pesa yako. Hapo kwa skrini unaona uko na laki moja na nusu. Hiyo ni namba imeandikwa kwa ukurasa, hakuna pesa mahali popote.

Kama uko ndani sahii na bado wanakulipa, toka leo. Usijaribu kuwa mjanja ukule zile za kwanza kwanza alafu utoke, watu wote waliolia kwa kaunta yangu walikuwa na huo mpango.

Ajenti wa Saudi ama Qatar, nitamjua aje kama ni wa ukweli?

Ajenti yeyote anayepeleka watu nje lazima asajiliwe na National Employment Authority, ile NEA, iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Wako na mfumo wao mtandaoni unaitwa NEAIMS na orodha ya maajenti waliosajiliwa iko hapo, unaangalia bure. Angalia jina lote, sio linalofanana. Leseni iko na mwisho wake pia, kwa hivyo cheti kimefremiwa ukutani cha miaka mitatu iliyopita hakisaidii. Ukishindwa kuangalia kwa simu nenda Wizara ya Leba pale Bishops Road uulize mtu ana kwa ana.

Kwa kazi za nyumbani Saudi Arabia mkataba hupitia mfumo wao unaitwa Musaned, na visa na tiketi ya ndege ni gharama ya mwajiri. Ajenti anayekuambia ulipe tiketi ya kwenda kuwa mfanyakazi wa nyumba anakula pande zote mbili. Mkataba uusome kabla ya kwenda airport, sio ukiwa kwa laini ya kucheki-in, na upate nakala yako, na uachie mtu nyumbani nakala ingine na jina la mwajiri na mji. Dada zangu, hiyo nakala nyumbani ndio kitu cha kwanza familia huulizwa wakati mambo yameharibika, na wengi hawana.

Visa iwe ya kazi. Ukiambiwa uende na ya utalii alafu "utabadilishiwa huko", usipande hiyo ndege. Na paspoti ni yako kutafuta, unaomba kwa eCitizen, ile ya kurasa 34 ni 7,500, alama za vidole Nyayo House. Anayekuitisha 25,000 ya paspoti anaongeza zake.

Na kazi za Thailand ama Urusi?

Hapa naomba usome pole pole.

Tangu 2022 Wakenya wamekuwa wakiambiwa kuna kazi ya customer care ama ya kuuza vitu mtandaoni Bangkok, mshahara mzuri, tiketi wamelipiwa, Kiingereza tu inatosha. Wakifika airport wanaingizwa kwa gari wanasafirishwa masaa mengi hadi Mae Sot, wanavushwa mto Moei usiku, na sasa wako Myanmar upande wa Myawaddy, kwa majumba yamezungushwa ukuta na askari wa bunduki. Paspoti inachukuliwa. Kazi yenyewe ni kutapeli watu wa Marekani na Ulaya kwa simu, kujifanya mpenzi wao na kuwauzia kripto ya uongo, na usipofikisha target unapigwa, na ukitaka kutoka familia yako inaitishwa pesa. Mapema 2025 maelfu ya watu kutoka nchi nyingi walitolewa kwa hayo majumba, na kati yao kulikuwa na Wakenya, na baada ya hapo bado kuna matangazo yanatoka.

Urusi, mwaka huo wa 2025 ilijulikana kuna Wakenya walioahidiwa kazi za kawaida, dereva, ulinzi, kibarua, wakapewa mkataba kwa Kirusi wakasaini bila kuelewa, na wakajikuta kwa vita vya Ukraine. Kwa wasichana kuna ule mpango wa Alabuga huko Tatarstan, 2024 waandishi wa habari waliripoti kwamba wasichana kutoka Afrika walioitwa kwa kazi na masomo walipelekwa kuunganisha droni za vita.

Kazi inayokulipia tiketi, haikuulizi cheti, na inataka usafiri wiki hii hii, yote matatu pamoja, usiende. Kama una mtu wako ameshaenda na hajibu simu ama anajibu kwa maneno si yake, usingoje. Ripoti kwa DCI, wale wapelelezi wa polisi, na uandikie ubalozi wa Kenya ulio karibu na huko. Kuna pia HAART Kenya hapa Nairobi, wanasaidia watu waliosafirishwa kiharamu na familia zao.

Uingereza na Canada?

Kwa haraka. Uingereza walifunga kuajiri wapya wa kulea wazee kutoka nje tangu 22 Julai 2025, kwa hivyo mtu anakuuzia nafasi mpya ya care sasa hivi ukiwa Nairobi anakuuzia hewa. Kwa kazi zingine, serikali yao iko na orodha ya waajiri wenye leseni ya kuita watu kutoka nje, iko gov.uk na ni bure kuangalia. Canada, ile karatasi ya LMIA, yaani kibali cha mwajiri kuajiri mtu kutoka nje, inalipiwa na mwajiri, na haruhusiwi kukurudishia hiyo gharama. Ukiuziwa LMIA unauziwa karatasi.

Nilishatuma picha ya ID mbele na nyuma, na selfie nimeshika ID. Sasa?

Hiyo selfie ndio mbaya, juu inatosha kufungua vitu kwa jina lako. Piga *106# kwa laini ya Safaricom uone namba zote zimesajiliwa na ID yako, ukipata usiyoijua ikatae hapo. Alafu itisha ripoti yako ya CRB, una haki ya moja bure kila mwaka, uangalie kama kuna mkopo hukuchukua. Ripoti kwa polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha ripoti, hiyo itakusaidia sana mwaka ujao kama kampuni ya mikopo itaanza kukusumbua. Na PIN ya M-Pesa ama ile namba ya siri ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS hautampea mtu yeyote, hata kama anasema ni ya "kuthibitisha mshahara".

Nimetuma pesa dakika kumi zilizopita ndio nimegundua. Nifanye nini?

Wacha kusoma hii kwanza. Forwad ile meseji ya M-Pesa kwa 456 sasa hivi. Kama hajatoa pesa inaweza kushikiliwa, kama ametoa imeenda, na wao hutoa haraka, ndio maana dakika ni muhimu.

Umerudi? Usimblok bado na usimtukane. Piga skrinshoti za meseji zote, namba zote, majina yaliyotokea wakati unatuma, tangazo lenyewe na barua, uzitume kwa imeli yako juu simu inaweza kupotea. Alafu nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe, upewe namba ya OB, kisha upeleke kwa ofisi ya DCI ya eneo lako. Kuna pia ile namba ya Fichua ya DCI, 0800 722 203, ya bure. Kutapeli mtu kwa simu ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, wewe ni mlalamishi, si mjinga aliyekuja kusumbua.

Siwezi kukudanganya ati pesa hurudi, mara nyingi hairudi. Lakini namba moja ikiripotiwa na watu wengi inakuwa kesi.

Na jihadhari na huyu mwingine: baada ya siku chache utapata mtu kwa Facebook anasema yeye ni hacker ama wakili, anaweza kukurudishia pesa yako kwa ada kidogo. Mara nyingi ni yule yule mwizi amerudi, juu anajua hutuma.

Kwa nini watu wenye akili wanaingia kwa hivi vitu?

Juu kodi imefika na mtoto amerudishwa nyumbani na shule. Hiyo ndio sababu. Mwizi hapimi akili yako, anatafuta wiki yako mbaya. Kwa hivyo ukiwa na mtu wa nyumba yako amekulwa pesa, tafadhali usimcheke na usimpigie kelele mbele ya watu, juu yule aliyechekwa mara ya kwanza ndiye hunyamaza mara ya pili, na mara ya pili huwa ni pesa kubwa. Mimi nimeona mzee akilipa laki moja na nusu kwa siri kwa sababu bibi yake alikuwa amemcheka kwa ile elfu mbili.

Nimeitwa intavyu kesho saa mbili mjini, jengo liko kando ya Tom Mboya Street, orofa ya nne. Niende?

Piga kwanza kwa kampuni venye nimesema hapo juu. Wakisema hawakujui, umemaliza. Kama ni kampuni ndogo haina namba ya ofisi na bado unataka kuona, nenda, lakini usiende peke yako, mwambie rafiki akungoje chini na umtumie jina la jengo na namba ya chumba.

Beba nauli ya kwenda na kurudi tu. Pesa zingine ziache nyumbani, na kama unaweza acha laini yenye M-Pesa pia, beba ingine ya kupiga. Beba nakala za vyeti, sio vyeti vyenyewe, kuna watu wameshikiliwa original hadi walipe.

Ukifika uliza askari wa chini hiyo ofisi imekuwa hapo kwa muda gani, hao hujua kila kitu na watakuambia ukweli ukiwasalimia vizuri. Ukiingia ukakuta watu hamsini kwa viti vya plastiki na mtu mbele na maikrofoni anaongea juu ya magari na utajiri, hiyo ni ya kuuza bidhaa za kujiunga na pesa, toka. Ukiambiwa umepita kabla hujaulizwa swali lolote la kazi, na karatasi ya kwanza unapewa ni ya Till namba, sema unaenda kutoa pesa kwa ejenti huko chini, chukua nakala zako, na ushuke.